Windsor na Mnara wa London: Ngome Mbili za Mfalme Mmoja

William Mshindi, aliyeitwaa Uingereza mwaka 1066, aliacha ngome mbili ambazo hadi leo ni za kifalme, ingawa zimepitia maisha tofauti kabisa. Windsor ilianza kama kilima cha udongo chenye boma la mbao. Henry II akaijenga kwa mawe, na Edward III, aliyezaliwa humo mwaka 1312, akaigeuza kuwa kasri la fahari. Mnara wa London, ambao jengo lake kuu jeupe lilianza kujengwa miaka ya 1070, ulikusudiwa kuwatia hofu wakazi wa jiji.

Kwa anayetaka kuyaona madaraka bila mapambo, mimi ningechagua Mnara. Humo palikuwa na kiwanda cha sarafu, ghala la silaha, gereza, na hata wanyama pori, akiwemo tembo ambaye Henry III alizawadiwa na mfalme wa Ufaransa mwaka 1255 (maskini, alikufa baada ya miaka miwili hivi). Anne Boleyn, mke wa pili wa Mfalme Henry VIII, alikaa humo akisubiri kutawazwa kuwa malkia mwaka 1533. Miaka mitatu baadaye akakatwa kichwa humo humo na kuzikwa katika kanisa la ngome.

Windsor nayo ina makaburi ya wafalme, likiwemo la Charles I, aliyeuawa mwaka 1649, ila bado inakaliwa. Moto wa mwaka 1992 uliharibu vyumba zaidi ya 100, na ukarabati ulikamilika mwaka 1997.