Jumamosi sita za kusomea kuchangiana: ada imerudi, cheti bado

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mwaka wa tisa huu. Shemeji aliponiambia kuna chuo hapa Mwanza kinafundisha "uhisani wa jamii", nilicheka. Yaani mtu alipe ada afundishwe kuchangia msiba? Nikalipa hivyo hivyo. Sh 120,000, Jumamosi 6, chai na maandazi mawili humo humo.

Jumamosi mbili za mwanzo zilinichosha. Tulianzia Marekani, mjini Cleveland, mwaka 1914: mwanabenki Frederick Goff anaanzisha mfuko wa jamii, ili mali wanazoacha wenye nazo zikae pamoja na kamati ya wenyeji iamue zitumikeje kadiri shida za mji zinavyobadilika. Tukaja Nairobi, ambako KCDF, taasisi ya Kenya ya maendeleo ya jamii, ilianza 1997 kwa wazo la namna hiyo. Si mabaya, ila slaidi zote Kiingereza, mwalimu anatafsiri kwa mdomo na kuruka mistari. Mama mmoja wa Igoma jirani yangu alilala kabisa. Sikumlaumu.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonirudishia hela yangu. Kila mmoja alete daftari la msiba au sherehe. Nilipeleka letu la msiba wa Machi, limeandikwa Sh 640,000. Kijana mwanafunzi anayemsaidia mwalimu akaketi nami. Shikamoo kwanza, halafu maswali: kuni alileta nani? Maji? Turubai mlikodi? Nani walilala pale wakiosha masufuria, na siku hizo mezani kwao aliuza nani? Tukaandika kimoja kimoja: mizigo 11 ya kuni, turubai la bure, sado za mchele, wanawake 7 kwa siku 3 bila kugusa biashara. Tulipopiga kwa bei ya mjini, vitu na kazi vilizipita zile fedha. Miaka yote hiyo nilikuwa naandika nusu ya hesabu, na najisifu daftari langu safi!

Mwalimu akatukumbusha elika, vikundi vya Wasukuma vya kulimiana mashamba. Mchango wa mtu ulikuwa jembe lake na mgongo wake. Bibi yangu kule Magu alikuwa akituhadithia, sisi tunasinzia.

Jumamosi ya nne kijana yule yule akachora grafu ya mfuko wa jamii wa kikundi chetu, ule wa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, akasema kwa masikitiko kwamba kila mwezi kuna siku wanachama "wanapoteza imani". Nikamwambia, mwanangu, tazama juu. Mbalamwezi ikiwaka taa za mitumbwi hazivuti dagaa, wavuvi wanabaki nchi kavu, nasi hatuna cha kuuza. Giza likirudi, na michango inarudi. Darasa likacheka, kijana akafuta sentensi yake, mwalimu akanipa kalamu ya ubao nieleze wote. Hapo nawapa maksi zao; wapo wasomi ambao wangebisha.

Anayetafuta kufundishwa andiko la kuombea fedha kwa wafadhili asipoteze nauli, waliligusa nusu saa tu. Na somo la sanduku la fedha za kikundi lenye kufuli tatu, ili mtu mmoja asilifungue peke yake, lilikula asubuhi nzima kana kwamba ni habari mpya. Ufunguo mmoja wa sanduku letu unaning'inia shingoni mwangu hata sasa ninapoandika. Cheti nacho kilikuja na jina la ukoo limekosewa; nilikirudisha, nikaambiwa "njoo wiki ijayo, mama". Hii ni wiki ya tano.

Daftari letu sasa lina safu nne: fedha, vitu, kazi, siku. Katibu ananung'unika kwamba anaandika hadi vidole vinauma. Ukienda, kaa mbele. Feni za nyuma zina kelele na mwalimu ana sauti ndogo.