Kadi ya POST na spika ya pini nne: uzoefu wangu

Hakuna kompyuta inayochosha kama ile inayowaka feni na taa zake zote, halafu kioo kinabaki cheusi. Miaka mingi nilikuwa napiga ramli tu: natoa RAM, naweka nyingine, nang'oa kadi ya picha, naazima pawa saplai, mpaka kitu kimoja kikubali. Kilichobadilisha kazi yangu ni vifaa viwili vidogo, spika ya kuchomeka kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) na kadi ya uchunguzi, ndiyo kadi ya POST, yenye kidirisha cha tarakimu mbili. Nimevitumia kwa muda wa kutosha kuvisemea, kwa wema wake na kwa upungufu wake.

Naanza na spika, maana ndiyo ya kununua kwanza. Ni kidude cheusi cha mviringo, hakizidi ukucha wa kidole gumba, chenye nyaya mbili na plagi ya matundu manne. Unaichomeka penye pini zilizoandikwa SPEAKER au SPK. Kava nyingi za siku hizi zinakuja bila spika, na mwenye mashine anadhani iko kimya, kumbe inalalamika kila ikiwashwa ila haina mdomo. Milio ipo kwa sababu maalumu: jaribio la kujipima (POST), ambalo kompyuta za IBM zilikuwa nalo tangu 1981, huanza kabla kadi ya picha haijaamshwa. Kosa likitokea mapema, hakuna kioo cha kuandikia ujumbe, kwa hiyo kinachobaki ni sauti.

Mashine ya kwanza niliyoichomekea spika hiyo ilitoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. BIOS yake, yaani programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine, ilikuwa ya kampuni ya Award, na kwa Award maana yake ni tatizo la picha. Nikachomoa kadi ya picha, nikasafisha meno yake ya dhahabu kwa ufutio, nikairudisha na kuikandamiza mpaka kilatchi kikalia "tak". Ikawaka. Zamani ningeanza na RAM na kupoteza asubuhi nzima.

Ila tahadhari: milio si lugha moja. AMI, watengenezaji wengine wa BIOS, wanahesabu milio, kwa mfano milio 8 kwa kumbukumbu ya picha na milio 3 kwa kosa la kilobaiti 64 za mwanzo za RAM. Phoenix, nao wa BIOS, wanapiga kwa mafungu, kama 1-2-2-3, na inabidi usikilize vituo kati ya fungu na fungu. Mimi hurekodi kwa simu, nikaisikiliza tena taratibu. Kabla ya kufungua jedwali lolote, tafuta kwanza BIOS ni ya nani. Mara nyingi jina liko kwenye stika ya chipu au kwenye kitabu cha mazabodi.

Sasa kadi yenyewe. Yangu ni ya sloti ya PCI, aina ya zamani ya nafasi ya kuchomekea kadi kwenye mazabodi. Kila hatua ya jaribio, BIOS huandika namba kwenye mlango unaoitwa 80h, na kadi huidaka na kuionyesha, kuanzia 00 hadi FF. Namba ikisimama na isisogee tena, hapo ndipo jaribio lilipokwama. Nasisitiza neno "lilipokwama", kwa sababu kijitabu kilichokuja na kadi kinaeleza kana kwamba kila msimbo unataja kifaa kilichokufa. Sivyo. Tena kimechanganya misimbo ya AMI, Award na Phoenix kwenye safu zilizobanana, kwa maandishi ya kuumiza macho. Nilikiweka pembeni, sasa natumia kitabu cha mazabodi husika.

Kitu nilichokuja kukipenda zaidi kwenye kadi hii si tarakimu, ni safu ya taa ndogo pembeni: 5V, 3.3V, 12V, RST (reset, ishara ya kuanza upya) na nyinginezo. Taa ya RST inatakiwa kuwaka mara moja unapowasha mashine kisha izime. Kuna mashine iliyoniletea kimya kabisa, spika haikutoa hata mlio, tarakimu hazikusogea, na RST ikabaki inawaka tu. Nikajua mazabodi inazuiwa isianze. Nikapima waya wa kijivu wa plagi kubwa ya pawa saplai, ule unaotakiwa kufika karibu na volti 5 kuashiria kwamba umeme umetulia. Ulikuwa karibu na sifuri. Pawa saplai ilikuwa inazungusha feni na kuwasha taa, lakini haikuwahi kutoa ruhusa. Nilipoweka nyingine, RST ikazima na tarakimu zikaanza kukimbia.

Tukio lililonifunza zaidi lilikuwa kwenye mazabodi mpya kidogo yenye kidirisha chake cha tarakimu, kwa hiyo kadi haikuhitajika. Ilikwama kwenye 55. Kwa AMI wa kizazi hicho, 55 ni kwamba RAM haijawekwa, na RAM ilikuwepo, naiona kwa macho. Nikaijaribu kwenye mashine nyingine, nzima. Nikabadilisha sloti, bado 55. Hapo nikakumbuka kwamba kwenye soketi ya LGA1155, aina ya kiti cha CPU iliyokuwa kwenye mazabodi hiyo, kidhibiti cha RAM kimo ndani ya CPU yenyewe. Nikainua CPU, nikamulika kwa tochi kutoka ubavuni. Kati ya pini 1155 za soketi, moja ilikuwa imelala, mng'ao wake hauelekei upande mmoja na wenzake. Niliinyanyua kwa ncha ya sindano chini ya kioo cha kukuzia, pumzi nimezibana. RAM ikaonekana. Msimbo haukusema uongo: kwa mashine, RAM kweli haikuwepo.

Upungufu nilioupata ni huu. Mashine mpya nyingi hazina tena sloti ya PCI, kwa hiyo kama unatengeneza za kisasa tu, kadi ya aina hii haitakufaa. Tegemea taa nne za mazabodi za CPU, DRAM, VGA na BOOT. Na kwenye DDR5, kizazi kipya cha RAM, usikimbilie kulaumu taa ya DRAM mara ya kwanza unapoweka RAM mpya, maana mashine huchukua hata dakika kadhaa kuipima na kuizoea. Laptopu nazo nyingi huongea kwa kupepesa taa ya betri au ya Caps Lock. Halafu zile kadi zenye meno pande mbili, PCI na ISA (sloti ya zamani zaidi), ziangalie sana: upande wa ISA unaingia hata ukiugeuza kinyume, na ukiwasha hivyo unaweza kuunguza kadi au mazabodi.

Spika ningemshauri kila mtu awe nayo, hata asiye fundi. Kadi ni kwa anayefungua mashine za zamani mara kwa mara. Yangu iko kwenye mfuko wake, na nyuma nimebandika karatasi ya mwandiko wangu: kwanza taa za volti, pili RST, tatu ndiyo tarakimu.