Kliniki ya vijana karibu na Kondele: chumba kizuri, dirisha baya

Nilifika katika kliniki hii ya vijana, iliyo mwendo mfupi kutoka steji ya matatu ya Kondele mjini Kisumu, nikiwa na kikaratasi cha kuniita nikapimwe, alichonipa mpenzi wangu baada ya yeye kupimwa na kukutwa na klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria. Mimi sikuwa na dalili yoyote: mkojo haukuniwasha, usaha haukunitoka, korodani hazikuuma. Njia nzima nilijiambia kwamba kikaratasi kile kimekosea nyumba.

Nianze na kasoro. Dirisha la mapokezi linatazamana na benchi la wanaosubiri, na karani huuliza sababu ya kuja kwa sauti ya dalali mnadani. Kijana aliyenitangulia alijibu kwamba ana malaria, akapelekwa kwenye foleni ya malaria, na baada ya muda akarudi dirishani akinong'ona. Karatasi ya kujaza ingemwokoa, na gharama yake si kitu.

Ndani ya chumba cha daktari mambo ni mengine kabisa. Mama wa makamo aliyekuwa zamu, ambaye aliniita "mwanangu" tangu mwanzo hadi mwisho, aliniuliza kwanza kama nilikuwa nimetoka kukojoa. Nilishangaa, mpaka aliponieleza kwamba kipimo hiki huhitaji mkojo wa mwanzo, ule unaosafisha mrija unapotoka, na kwamba mtu aliyekojoa punde huwa ameshawamwaga bakteria wanaotafutwa. Inatakiwa ipite angalau saa moja. Nilikuwa nimepita chooni dakika chache kabla, kwa hiyo nilikwenda kukaa chini ya mwembe nje nikihesabu boda boda. Kikopo nilichopewa baadaye kilikuwa na namba, bila jina.

Alichonieleza kuhusu ukimya wa ugonjwa huu kinatosha kuipa kliniki alama nzuri. Wanaume wengi wenye klamidia hawahisi lolote, lakini huwaambukiza wenzao, na kwa mwanamke asiyetibiwa inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kumzuia kupata mimba. Katika vituo vingi mwanamume hutibiwa kwa kufuata dalili, yaani anayetokwa na usaha hupewa dawa za kisonono na za klamidia kwa pamoja bila kusubiri maabara. Utaratibu huo huokoa muda, ila mtu kama mimi, asiye na la kuonyesha, hurudishwa nyumbani.

Nilimuuliza pia kuhusu tohara, kwa kuwa vijana wengi hapa tunaamini kwamba aliyetahiriwa amekwisha kujikinga. Alinikumbusha utafiti uliofanyika hapa hapa Kisumu kwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, uliochapishwa mwaka 2007: tohara ilipunguza maambukizi ya VVU kwa zaidi ya nusu, lakini vijana hao hao walipochunguzwa kwa kisonono na klamidia, haikuonekana kinga yoyote. Mpira, akasema, bado una kazi yake.

Majibu yalikuja kwa simu siku ya tatu, nami nikaulizwa namba ya kikopo kabla ya kuambiwa neno. Nilikuwa nayo. Nilipewa doksisaiklini ya miligramu 100, asubuhi na jioni kwa siku 7, na muuguzi akasisitiza niimeze kwa glasi nzima ya maji na nisijilaze mara moja, kwani kidonge kikikwama kooni huchoma. Tuliagizwa tusikutane kimwili mpaka sote wawili tumalize dawa, na nirudi kupimwa baada ya miezi 3, kwa sababu wengi huambukizwa tena.

Kwa upande wa matibabu sina la kulalamikia. Anayekusudia kwenda afike mapema, kabla benchi halijajaa masikio, na asipitie chooni njiani.