These Three au The Children's Hour: uzushi mmoja, filamu mbili

William Wyler aliiongoza hadithi hii mara mbili: These Three mwaka 1936, na The Children's Hour mwaka 1961. Zote zinatokana na tamthilia ya Lillian Hellman ya 1934, nayo inaitwa The Children's Hour: mtoto Mary anawazushia walimu wake wawili wa kike, Karen na Martha, bibi yake anawapigia simu wazazi, na shule inabaki tupu.

Tofauti kubwa ni uzushi wenyewe. Tamthilia ilihusu tetesi kwamba walimu hao ni wapenzi. Mwaka 1936 kanuni za Hollywood zilikataza jambo hilo, hata jina la tamthilia lisitajwe, kwa hiyo Hellman akaandika upya: Martha anasingiziwa kulala na Joe, mchumba wa Karen. Fitina inauma vilevile, na Bonita Granville akiwa Mary anatisha kweli. Aliteuliwa kuwania Oscar. Kasoro iko mwishoni, pale mambo yanaponyooka upesi mno.

Ya 1961 inarudisha tuhuma ya asili. Tazama tukio la garini: Mary anamnong'oneza bibi yake sikioni, nasi hatusikii neno. Tunausoma uso wa Fay Bainter, anayeigiza bibi huyo, tu, na hapo ndipo unapoona umbea unavyomwingia mtu mzima mwenye akili zake. Shirley MacLaine, akiwa Martha, anabeba uzito wote wa mwisho, ambao ni mchungu.

Ukiwa na usiku mmoja tu, chagua ya 1961. Ukizitazama zote, mwangalie Miriam Hopkins: Martha wa kwanza, kisha shangazi yake Martha.