Nimebeti siku ya serikali ya Marekani kufunguliwa, haya ndo niliyoyaona

Jina la apu siliweki hapa, ni hizi za nje ambazo unabeti matukio sio mpira. Nimeitumia toka wiki ya kwanza ya Oktoba 2025 mpaka katikati ya Novemba, nikiwa hapahapa Ngamiani, Tanga, na ni hela yangu ya jasho. Kwa asiyejua, serikali ya Marekani ilifungwa 1 Oktoba kwa sababu bunge lao halikupitisha bajeti, ofisi nyingi zikasimama na wafanyakazi wakakosa mshahara mpaka bajeti ipite, ndo ifunguliwe.

Humo hamna odi kama za mkeka. Kuna swali, mfano serikali ya Marekani itafunguliwa kabla ya 31 Oktoba, unanunua hisa za ndiyo au za hapana, kila hisa bei yake chini ya dola moja, ukipatia unalipwa dola nzima ukikosa umeliwa. Bei ikisoma senti 45 ujue wachezaji wanaipa nafasi ya asilimia 45 ya kutokea. Na ukiona mambo yanaharibika unauza hisa zako unatoka na kilichobaki, hiyo kwenye mkeka wa kawaida sijawahi kuipata na naisifia kabisa.

Sasa mimi niliingia na dola 20, nikanunua ndiyo kwa senti 45. Hesabu yangu ilikuwa ya historia, 2013 walifunga siku 16, ile ya Desemba 2018 ikaenda siku 35 na ndo ilikuwa rekodi, nikasema hii iliyoanza 1 Oktoba mwezi hauishi. Kosa langu sikuuangalia ugomvi wenyewe. Kule Seneti, moja ya mabaraza mawili ya bunge lao, bajeti inataka kura 60, Republican, chama cha Rais Trump, wana viti 53, na Democrats, wapinzani wao, walikaza kwamba ruzuku ya bima ya afya iongezwe muda kwanza, sasa hapo nani alegeze mapema yote hiyo?

Tarehe 28 Oktoba usiku hisa zangu zinasoma senti 4. Nikasema kesho asubuhi nauza. Kesho yake ndo siku ya uchaguzi wetu, intaneti ikazimwa nchi nzima, na iliporudi 3 Novemba tiketi ilishakufa zamani. Siilaumu apu kwa hilo lakini wewe wa huku ulijue, ile sifa ya kuuza muda wowote inategemea bando na mtandao, ukikatika umefungiwa ndani na hela yako.

Nilimsimulia mzee mmoja pale kwenye baraza la kahawa, akaweka kikombe chini akaniuliza, mwanangu, hao wafanyakazi wanalipwa? Nikamwambia hapana, waongoza ndege wanafanya kazi bila mshahara mpaka ndege zimepunguzwa, na msaada wa chakula wa watu milioni 42 umekwama. Akanyamaza. Lile swali limenikaa mpaka leo, maana mwezi mzima nilikuwa naangalia senti tu.

Mara ya pili nilisubiri. Seneti walipopata kura 60 kwa 40 usiku wa Jumapili 9 Novemba, huku kwetu ni Jumatatu asubuhi, nikaweka dola 10 kwamba kabla ya 15 Novemba imefunguliwa, bei ilishapanda senti 85. Baraza lao la pili, la Wawakilishi, likapitisha 222 kwa 209, Trump akasaini usiku wa tarehe 12, hapa Tanga ni Alhamisi tarehe 13 kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku 43 jumla. Hapo soma masharti vizuri jamani, siku inahesabiwa kwa saa ya Washington na sisi tuko mbele masaa nane, halafu kuna swali linaloangalia sahihi ya rais na lingine linasubiri tangazo la ofisi ya watumishi ya serikali yao kwamba imefunguliwa, bei zinafanana lakini sio kitu kimoja.

Nimeshinda dola moja na senti 76. Malipo yaliingia kwenye akaunti baada ya siku mbili, ila kuitoa mpaka umuuzie mtu dola za kidijitali ndo akurushie shilingi kwenye simu, na makato yamekula karibu faida yote. Huduma kwa wateja niliandika mara tatu nikajibiwa na mashine. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya hapa kwetu hawajaonyesha popote, kwa hiyo ukidhulumiwa utaenda kumshtaki nani?

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za ule uwezo wa kuuza mapema. Sheria aliyosaini Trump ilikuwa inafika 30 Januari 2026 tu na apu ikanitumia ujumbe wa swali jipya. Sijaufungua.