Toyota IST kwa mtu na mkewe hapa Tanga, nyota 4

Mi na mume wangu tulivutana sana kabla ya kununua, yeye anataka Harrier mi nataka kigari cha kupenya nacho Ngamiani sokoni, mwisho tukasema anayechangia hela nyingi ndo ana sauti na hapo mzee akanyamaza, tukachukua IST ya cc 1300. Aisee mafuta inanusa tu. Raskazone, Chumbageni, hata Muheza na kurudi huumwi kichwa, spea zipo na mafundi wanaijua vizuri. Viti vya nyuma unavilaza, magunia ya machungwa yanaingia. Ila iko chini, njia za vumbi mvua ikinyesha inagonga tumbo, hapo ndo nimekata nyota, na kupanda Lushoto kutoka Mombo mmejaa na AC imewaka utaionea huruma. Kugawana tumepanga yeye asubuhi mi jioni, aliyeitumia anaweka mafuta, (bado tunagombana, mwanaume anairudisha taa ya mafuta inawaka jamani!!). Na jina la kwenye kadi ya gari mkubaliane kabla hamjalipa, msingoje siku ya kuuza.