Uzoefu wangu na antena ya duara kwa ugoko uliogoma kuunga

Kama umevunjika ugoko na kila ukienda kliniki eksirei inaonyesha ufa uleule, huenda daktari ameshakutajia antena ya duara, ile ya Ilizarov, yaani vyuma vinavyofungwa nje ya mguu ili kushika mfupa. Mimi nimeivaa mpaka ikavuliwa, na mfupa umeunga. Naisifu kwa moyo wote. Ila ujue kabisa kwamba inamtaka mgonjwa afanye kazi kila siku, na kazi kubwa kuliko zote ni ileile ambayo watu wa nyumbani watakukataza: kukanyaga.

Yangu ilikuwa ajali ya bodaboda. Mfupa ulitoboa ngozi, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nikaanza na antena ya kawaida, ya fimbo moja ubavuni, baadaye hogo (plasta ngumu), na bado mfupa haukushika. Daktari wa mifupa niliyepelekwa kwake kwa rufaa aliniambia nipitishe kidole mbele ya ugoko wa ule mguu wangu usioumia. Unakutana na mfupa moja kwa moja, hakuna nyama katikati. Ndiyo maana ugoko unachelewa: damu inayoufikia ni chache, hasa huku chini, na ajali ikichana ngozi hata hiyo chache inapungua. Kwa kawaida ugoko wa mtu mzima uliovunjika vibaya huchukua miezi 4 hadi 6 kuunga. Ikifika miezi 9, na picha za miezi 3 ya mwisho hazina badiliko, madaktari huhesabu kwamba umegoma. Sigara inachelewesha zaidi, kisukari pia. Swali la sigara aliniuliza kabla hata hajaangalia picha.

Kifaa chenyewe kilibuniwa na Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Nje ya Urusi kilianza kuvuma baada ya mwaka 1980, pale mpanda milima Muitaliano Carlo Mauri, aliyekuwa na ugoko usiopona kwa miaka mingi, aliposafiri hadi Kurgan akatibiwa. Ni duara za chuma zinazozunguka mguu, zimeunganishwa kwa fito zenye nyuzi za skrubu. Kutoka kwenye kila duara, nyaya nyembamba za takriban 1.8 mm zinapita ndani ya mfupa na kutokea upande wa pili, zimevutwa zikakaza kama spoku za baiskeli.

Nati zake zinafunguliwa kwa spana namba 10, spana ambayo kila fundi pikipiki anayo. Uzi wa skrubu ni wa 1 mm, kwa hiyo ukizungusha nati robo mzunguko, duara inasogea 0.25 mm. Mimi nilipangiwa kubana ili vipande viwili vikutane na kugandamizana. Wanaorefushwa mfupa wao hufungua, kwa kawaida robo mzunguko mara 4 kwa siku, yaani 1 mm. Nati ambazo ni zako kuzungusha ziwekewe alama ya rangi kabla hujatoka wadini, na mtu mmoja wa nyumbani afundishwe pamoja nawe. Usikubali kuruhusiwa bila hayo mawili.

Sasa kukanyaga. Zile nyaya zinanesa kidogo sana kila unapoweka uzito, na mtikisiko huo mdogo wa juu kwenda chini ndio unaouamsha mfupa. Daktari alinitaka nikanyage kwa magongo mapema, nikiongeza uzito taratibu. Mama mkwe alikuwa akiniona nimesimama analia, majirani wakisema nitauvunja upya. Ilibidi nimwombe mke wangu aende naye kliniki, akaelezwe na daktari mwenyewe. Yeyote anayekuuguza lazima alisikie hili kutoka kwa mtaalamu, la sivyo utalazwa kitandani kwa mapenzi na kifaa hakitafanya kazi yake.

Shida zipo. Ncha za nyaya zinanasa chandarua usiku, kwa hiyo tafuta soksi nene au kitambaa cha kuvisha juu ya vyuma. Suruali sahau, isipokuwa fundi aichane ubavuni na kuweka zipu. Mimi nilikaa na msuli. Nyayo inapenda kuning'inia, ndiyo maana tulikata mpira wa ndani wa tairi, tukafunga kutoka kwenye kandambili hadi duara ya mbele ili vidole vibaki vimeelekea juu. Matundu ya nyaya yasafishwe kwa gozi safi (kitambaa chepesi cha vidonda) na dawa uliyoelekezwa, kila tundu na gozi lake. Ukiona wekundu, maumivu mapya au usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Tundu moja liliwahi kunipa usaha, nikapewa dawa za vidonge, likakauka.

Ndugu yangu aliye Uingereza alitaka kunitumia kimashine cha mawimbi ya sauti cha kuweka mguuni dakika 20 kila siku. Nilimshukuru, nikamwomba hiyo hela ilipie kliniki. Utafiti wa TRUST uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 501 waliovunjika ugoko na kuwekewa chuma ndani ya mfupa, haukuona kwamba kinaharakisha kupona.

Ukiulizia gharama, uliza ya kuvaa, ya eksirei za kati na ya kuvua kwa pamoja, maana mimi nilitajiwa ya kuvaa tu na zilizobaki zilitubana. Na mwisho ukikaribia, usimsukume daktari akuvue haraka. Wangu alilegeza kwanza nati ili mfupa ubebe uzito wenyewe huku vyuma vikiwa bado mguuni, akaniambia nitembee hivyo. Nilitembea bila maumivu, picha ikaonyesha mfupa umezunguka ufa wote, ndipo akakata nyaya.